Ini la Lusajo Lilikuwa Zima

Mtu akisikia nasema kuna mwaka ulionifunda atadhani nasimulia nilipokuwa kigoli. Hapana. Mwaka ulionifunda ulinikuta na mvi, meno manne ya juu hayapo, na mdomo ambao nusu ya soko la Mwanjelwa walikuwa wanauogopa. Nilikuwa na miaka sitini na moja, na nilidhani nimeshajua kila kitu ambacho mwanamke wa darasa la nne anaweza kujua. Wiki iliyopita tumemjengea binti yangu Sekela kaburi, miaka sita baada ya kumzika, saruji nzuri na vigae vyeupe. Mdogo wake, Lusajo, alikuja kutoka Ruaha Mbuyuni anakolima vitunguu, akasimamia mafundi siku mbili. Jumapili tukiwa mezani, Neema, mtoto wa Sekela, ambaye sasa ni msichana wa kidato cha pili, aliweka kijiko chini akaniuliza swali. Nitalifikia. Kwanza niseme kitu nilichokijua mimi peke yangu miaka yote hiyo. Lusajo alimpa dada yake sehemu kubwa ya ini lake. Sekela akafa mwaka huohuo. Lusajo akaamini kwamba ini lake ndilo lililomuua. Mimi nilijua siyo, kwa sababu nilioneshwa picha. Nikanyamaza.

Walirudi kutoka India walikopasuliwa, masika yakiwa bado yanamwagika, barabara ya kwetu tope mpaka kwenye vifundo vya miguu. Nilikuwa nimekiandaa chumba cha Sekela kama anakuja bibi harusi. Cherehani yake nilikuwa nimeisukuma ukutani nikaifunika kitambaa, kitanda nikakisogeza dirishani apate jua la asubuhi, na meza ya kukatia nguo ikageuka meza ya dawa. Dawa hizo zilikuwa za kuuzuia mwili wake usilikatae ini la mwenzake, na zilikuwa na masharti kuliko mkwe. Saa mbili asubuhi, saa mbili usiku, simu inalia, anameza. Balungi marufuku, eti linagombana na dawa. Mboga mbichi marufuku. Mgeni mwenye mafua anaishia mlangoni. Mimi niliyazoea yote, nikawa askari wa kile chumba. Na chumba kilikuwa na furaha, msidhani kilikuwa cha ugonjwa. Lusajo alikaa nasi mwezi mzima kabla ya kurudi shambani, na kila asubuhi nilikuwa nawasikia wakicheka kabla sijachemsha chai. Siku moja wakaniita. Wamepandisha nguo, wamesimama mbele ya kioo cha kabati kulinganisha makovu. "Mama, njoo uone," Lusajo akasema, "tumeshonwa na fundi mmoja." Sekela, ambaye ushonaji ndio ulikuwa kazi yake, akalikagua kovu la mdogo wake kwa kidole akasema, "Wewe wamekupiga pindo zuri. Mimi hapa wameacha nyuzi. Ningekuwa mteja ningerudisha nguo." Walicheka mpaka wakashika matumbo, kila mmoja akalia kwa maumivu, wakacheka tena.

Sikukuu ya Pasaka ilipopita nikafanya sherehe ya shukrani. Watu wa kanisani walikuwa wamechanga kwa safari ile, majirani walikuwa wamemlea Neema pamoja na mimi, nikaona nisikae kimya kama mtu aliyeokota. Nikapika ndizi za nyama sufuria mbili, wali wa Kyela, na viazi vya kukaanga kwa ajili ya watoto. Mchungaji akaomba. Nikasimama mimi. Sasa niwaeleze kitu ili mnielewe. Kwetu, ndugu yako akikupa mtamba wa ng'ombe, yule mtamba akianza kuchechemea humpelekei taarifa. Unamtibu kimyakimya. Aliyekupa akikuuliza unamjibu, "Yupo, anakula." Hata akifa, unasema amekufa, husemi alikuwa na ugonjwa gani, maana ukisema ni kama unamwambia alikupa kitu kibovu. Nimekulia katika adabu hiyo na sikuwahi kuiona ikimdhuru mtu. Basi nikasimama na kanga yangu mpya, nikasema kwa sauti: "Lusajo amekatwa akiwa mzima kwa ajili ya dada yake. Mtu mzima, hana hata mafua, akalala akapasuliwa. Katika nyumba hii sitaki kumsikia mtu, awe mkubwa awe mtoto, analisema vibaya hilo ini. Asiseme linauma. Asiseme limechoka. Atakayelisema atavuka lango langu asirudi." Wakapiga vigelegele. Wamama wa kwaya wakanishika mikono, wakaniambia, "Mwe, mama, umenena." Sekela alikuwa amekaa kwenye kochi na barakoa yake. Akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtoto anayeagizwa dukani na anakariri asije akasahau.

Hicho kichwa ndicho ninachokiona mpaka leo. Nikipika nakiona. Nilidhani naweka heshima, kumbe nilikuwa namfunga mgonjwa mdomo mbele ya mashahidi. Na niseme ukweli wote, haikuwa heshima ya Lusajo tu. Yalikuwa majivuno yangu. Mbeya nzima nani mwingine alikuwa na watoto wawili wanaoishi kwa ini moja? Nilikuwa nikienda kununua nyanya namwambia hata muuza nyanya ambaye hajaniuliza. Nilitembea na ile habari kama mtu anavyotembea na redio.

Lusajo aliporudi Ruaha Mbuyuni alikuwa anapiga simu kila Jumapili baada ya ibada. Simu inawekwa sauti kubwa juu ya stuli, tunaizunguka kama moto. Neno lake la kwanza lilikuwa hilohilo: "Dada, mpangaji wangu hajambo?" Sekela anajibu, "Hajambo, lakini anakula kuliko mwenye nyumba." "Analala vizuri?" "Anakoroma." Neema anadakia, "Mjomba, anataka soda!" Mimi napiga kelele kutoka jikoni kwamba mpangaji aende zake shamba akapalilie. Hakuna kanisa lililonipa raha kama zile dakika kumi.

Baridi ya Juni ikaingia. Mbeya Juni si mchezo, asubuhi majani yana umande mweupe kama chumvi, na mtu anavaa sweta mbili kwenda kuchota maji. Sekela akaanza kujikuna. Viganja kwanza, halafu nyayo. Alisema ni blanketi, lile zito tulilonunua Mwanjelwa kwa ajili yake. Nikalichemsha kwenye pipa, nikalianika siku mbili. Akaendelea. Nikasema ni sabuni, nikabadilisha sabuni. Nikampaka mafuta ya nyonyo. Kuna Jumapili moja simu iko juu ya stuli, Lusajo anauliza habari za mpangaji, na Sekela amesimama mlangoni amevua kandambili anasugua unyayo kwenye kona ya fremu, juu, chini, juu, chini, huku anajibu kwa sauti ya kucheka, "Hajambo, anakula kuliko mwenye nyumba." Mimi nikamtania kwa sauti ndogo, "Nyayo zikiwasha kuna safari." Akacheka. Alicheka kabisa, meno yote nje, na ule mguu haukusimama.

Kliniki ya damu ilikuwa kila mwezi. Mwezi ule akaniambia, "Mama, nitakwenda wiki ijayo." Nilitakiwa nimpige kofi nimkokote. Badala yake nikamjibu kwa kiburi changu, "Unakula, unatembea, unakwenda kutafuta nini hospitali? Mtu haendi kuuamsha ugonjwa." Nikamuona amepata nafuu usoni. Nilidhani amefurahi kwa kuwa yuko mzima. Leo najua alifurahi kwa sababu nimempa ruhusa ya kuendelea kuitunza amri yangu. Aliogopa ile karatasi ya damu ingesema vibaya juu ya ini la mdogo wake, na angewezaje kuingia nayo ndani ya nyumba hii?

Halafu Neema. Alikuwa na miaka tisa. Nilikuwa jikoni napukuchua mahindi, akaja akasimama karibu sana na sikio langu, vile watoto wanavyosimama wakiwa na jambo. Akasema, "Bibi, mama anajikuna na gunzi. Amejifungia chumbani, anajikuna na gunzi la mahindi mpaka damu. Na choo chake kimekuwa cheupe, bibi, kama majivu." Mtoto amesema yote. Daktari asingesema vizuri zaidi. Mimi nikamshika mkono, nikamwambia, "Nyamaza. Unataka mjomba wako asikie kwamba ini lake halifai? Usirudie tena maneno hayo." Akanyamaza. Ni mtoto mtiifu, mama yake alimlea vizuri. Nikaendelea kupukuchua. Nakumbuka nilimaliza debe zima.

Aliyeivunja amri yangu ni mtu ambaye haikumhusu, jirani yetu Mama Tusa, muuza maziwa, mwanamke asiye na breki. Alikuja asubuhi moja ya mwisho wa Julai kuleta lita yetu, akamkuta Sekela ameketi uani kwenye jua anachambua maharage. Akamtazama. Akaniita pembeni kwa sauti ambayo mtaa mzima ulisikia: "We Mama Sekela, mwanao ana macho kama kiini cha yai la kienyeji, na wewe upo tu unafagia? Huoni?" Nikasema ni jua. Akasema, "Jua? Jua gani linaingia kwenye macho likakaa humo?" Nikaenda, nikamwinua Sekela kidevu. Yalikuwa ya njano mpaka kwenye kona. Nikamvua kitenge alichojifunika miguuni. Miguu ilikuwa imechanika kama ya mtu aliyepita kwenye michongoma. Alinitazama kama mtu aliyeshikwa anaiba.

Hospitali kubwa walitupokea haraka, siwezi kuwasingizia. Wakampima damu, wakampiga utrasaundi, wakasema mirija ya nyongo inaonekana imetanuka lakini hawaoni vizuri ni kwa nini. Wanataka MRI, na wanataka ipigwe kwa dawa maalumu ya kuchoma kwenye mshipa ambayo haikuwepo, itatoka Dar es Salaam. Dawa ikapakiwa kwenye basi. Basi likafika mpaka mlima Kitonga, likakuta lori limelala katikati ya barabara, magari yamefungana juu na chini. Siku mbili. Nimekaa kwenye benchi la wodi nahesabu ile njia kichwani, kutoka Ruaha Mbuyuni kupanda Kitonga, Ilula, Iringa, Mafinga, Makambako, Chimala. Kijiboksi kidogo cha dawa kimesimama karibu kabisa na shamba la Lusajo, na Lusajo anapanda vitunguu hana habari. Sekela alinizuia nisimpigie. "Yuko kwenye kupanda, mama. Akiacha sasa, miche inakauka." Wapo ndugu wanaosema mpaka leo kwamba lori la Kitonga ndilo lililomuua Sekela. Nawaacha waseme. Siku mbili za lori ni kitu gani mbele ya wiki zangu nane?

Siku ya picha akalala na njaa kama walivyoagiza. Aliyekuwa anaendesha mashine alikuwa dada mmoja Mbena, mnene, mcheshi, akatutoa pini za kilemba, hereni, ndoano za sidiria. "Hii mashine ni sumaku, bibi, ukiingia na pini itakuvuta kilemba." Nikamwambia anayeingia si mimi. "Basi mwenye kuingia avue, na wewe ukae pale kwenye kiti, usiniguse kitu." Sekela akaingizwa kwenye lile pipa jeupe kichwa kimebaki nje kidogo. Likaanza kupiga kelele, kama mtu mmoja anagonga bati na mwingine anakoboa mahindi. Katikati ya kelele nikamsikia yule dada kwenye kipaza sauti: "Vuta pumzi. Shikilia. Achia." Na mimi kwenye kiti changu nikavuta, nikashikilia, nikaachia. Nilijikuta nashikilia pumzi hata alipokuwa amesema tuachie.

Wakapiga kwanza bila dawa. Kisha wakamchoma dawa mkononi, wakapiga, wakamtoa, wakasema tusubiri. Nikauliza tunasubiri nini tena. Yule dada akakaa karibu yangu, akanieleza kama unavyomweleza mtu mwenye akili, na hilo namshukuru. "Bibi, dawa nyingi za picha zinapita kwenye damu zinatoka na mkojo, basi. Hii ini lenyewe linaivuta. Linainywa, halafu linaitoa na nyongo. Kwa hiyo tukisubiri lisaa limoja hivi, tutaiona nyongo inatembea wapi, inaishia wapi, kama inavuja ama imekwama." Nikaelewa hapohapo. Nilimwagilia vitunguu miaka ishirini kabla mgongo haujakataa. Unafungulia maji juu, unashuka na jembe begani, unangoja uone yamefika jaruba gani. Tukakaa saa ile na Sekela kwenye benchi, bega kwa bega. Alikuwa na njaa. Akaniambia anatamani ugali wa moto na mboga ya maboga yenye karanga. Nikamwambia jioni nitapika. Akalaza kichwa begani kwangu, na kilikuwa cha moto, nikajiambia ni kwa sababu amekaa muda mrefu ndani ya mashine.

Walipomaliza, daktari kijana akatuita kwenye chumba chenye kompyuta. Akageuza kioo nitazame. Kulikuwa na kitu kikubwa kinang'aa, cheupe kama mwezi uliomegwa. "Hili lote ni ini," akasema. "Mnaona lilivyong'aa? Limeinywa dawa. Ini lenyewe linafanya kazi. Ni ini zuri, mama, mtoaji alikupa ini zuri." Alimwita Sekela mama. Sekela akaangua kilio pale pale. Daktari akadhani ameogopa. Mimi mamaye nilijua ni furaha. Ini la Lusajo lilikuwa zima. Miezi miwili alikuwa amebeba aibu isiyo yake wala ya mdogo wake. Daktari akaendelea, akapitisha kalamu kwenye vijito vyeupe vilivyovimba ndani ya ini, akavifuata vikikutana, vikawa kimoja, mpaka mahali ambapo kile cheupe kiliishia ghafla, na chini yake giza. "Hapa ndipo walipounganisha mrija wa ini jipya na wa kwake. Pamebana. Nyongo haishuki, inarudi nyuma." Nikasema, "Yaani shamba ni zima, mfereji umeziba kwenye kalavati." Akageuka akanitazama. "Hivyohivyo, bibi. Nani amekufundisha?" Nikamwambia vitunguu. Nikamuuliza kama panazibuka. Akasema panazibuka, kuna watu Dar wanapitisha mrija mwembamba kupitia mdomoni mpaka pale, wanapanua, na wengi wanaendelea na maisha. Kinachomtisha yeye ni kwamba nyongo ikilala muda mrefu inaingia vidudu. Akachukua karatasi. "Ameanza kuwashwa lini?"

Sekela akanigeukia. Miaka thelathini na tatu, mama wa mtoto, fundi anayeheshimika, ananitazama anaomba ruhusa ya kujibu. Sikumpa wala sikumnyima. Nilitazama viatu vyangu. Akajibu mwenyewe kwa sauti ndogo, "Tangu mwanzo wa Juni." Daktari akaandika, halafu kalamu ikasimama. "Juni? Kwa nini hamkuja?" Akatungoja kidogo, akaona haya kwa ajili yetu, akainama akaendelea kuandika.

Ule ugali sikuupika. Jioni homa ikampanda, ya kutetemeka, kitanda kinagonga ukuta. Wakamwekea dawa za kuua vidudu kwenye mishipa ya mikono yote miwili na wakapanga gari la wagonjwa limpeleke Dar. Kesho yake alikuwa anaongea vizuri, halafu anaongea ovyo, halafu vizuri tena. Katika ile nafuu ndogo akanivuta kanga. "Mama, Lusajo asijue kama niliwashwa. Ataona nilimficha. Mwambie nilikuwa mzima, nikaugua ghafla." Nikasema ndiyo. Akasema, "Lakini mwambie ini lilikuwa zuri. Hilo mwambie." Nikasema ndiyo. Asubuhi ya pili gari liko mlangoni linanguruma, nesi ameshafunga mizigo yetu, Sekela akavuta pumzi, nikamngoja aiachie.

Lusajo alifika kesho yake saa saba mchana, ana udongo wa shamba kwenye suruali, hajui hata amepanda gari gani. Uani kwetu kulikuwa kumeshajaa watu. Hakumsalimu mtu. Akaja mpaka kwenye mkeka wangu, akapiga magoti, akasema, "Mama, ini langu limemshinda?" Mnasikia? Marehemu alikuwa ameniagiza mambo mawili, moja la kuficha na moja la kusema. Nikajifunika kanga usoni nikalia. Kilio kile kilikuwa cha kweli, lakini nilikitumia. Kwa sababu ningemwambia ini lilikuwa zima, angeuliza basi kilichomuua ni nini, ningemjibu mfereji, angeuliza ulianza kuziba lini, na nani alikuwa anamtazama. Nikaona heri nilie. Akachukua kilio changu kama jibu. Akainuka akaenda kukaa na wanaume, na tangu siku ile Lusajo hakuwahi tena kupiga simu Jumapili.

Miaka sita nimejificha nyuma ya neno moja la marehemu na kulikanyaga la pili. Watu walinisifu nina moyo mgumu. Mchungaji alinisimamisha kanisani kama mfano wa mama anayevumilia. Nami nikasimama.

Sasa nirudi Jumapili iliyopita. Kaburi limekwisha, mafundi wameondoka, tuko watatu mezani, wali na kuku na maharage. Lusajo anakula kimya kama anavyokula siku hizi, anatazama sahani. Neema akaweka kijiko chini. Hakuwa na hasira, nadhani kuliona jina la mama yake limeandikwa kwenye kigae ndiko kulikomfungua. Akasema, "Bibi, siku ile nilipokuambia mama anajikuna na gunzi mpaka damu, kwa nini uliniambia ninyamaze?"

Lusajo akainua uso. "Gunzi gani?"

Ningeweza kumkana mtoto. Alikuwa na miaka tisa, nani angemwamini mbele yangu? Nakiri lile wazo lilikuja, likakaa kidogo. Halafu nikamtazama Neema, macho ya mama yake kabisa, yanangoja kuona kama nitamnyamazisha mara ya pili. Nikasema yote. Sherehe, blanketi, kliniki, Mama Tusa, mashine, kile cheupe na giza chini yake. Nikasema na maneno mawili ya Sekela. Wali ukapoa. Nilipomaliza, Lusajo alikuwa ameshika kingo za meza.

"Daktari alisema zima?"

"Alisema ni ini zuri."

"Alisema hivyo, zuri?"

"Alisema. Dada yako alilia kwa furaha."

"Na kama ungenipigia simu Juni?"

"Ungekuja."

"Ningekuja siku hiyohiyo. Ningembeba mgongoni mpaka hospitali." Kisha akasema jambo ambalo sikuwa nalijua. Kulikuwa na binti wa Chimala, tulishapeleka posa, halafu ikasemekana yule binti amebadilisha mawazo. Lusajo akaniambia, "Yule binti hakuniacha, mama. Mimi ndiye niliyemwacha. Nilimwambia mwili wangu una kitu kibaya, nimempa dada yangu akafa. Niliogopa kumzalisha mtoto. Ameolewa, ana watoto wawili."

Nikasema, "Mwanangu."

Akamgeukia Neema. "Wewe ulisema?"

"Nilisema, mjomba."

"Ulikuwa na miaka tisa na ulisema."

"Nilisema mara moja tu," Neema akajibu. "Ningesema tena. Ningekupigia wewe. Namba yako nilikuwa naijua kwa kichwa."

Lusajo akasukuma kiti, akazunguka meza, akamwinua yule msichana mkubwa kama mtoto mdogo. Wakatoka uani wakakaa kwenye ngazi ya jikoni, wakalia, wawili, kwa sauti, kilio ambacho kila mmoja alikuwa amekilia peke yake miaka yote hiyo. Mimi nilibaki mezani. Niliwaona kupitia mlangoni, migongo yao. Nilikusanya sahani, nikazipanga moja juu ya nyingine, nikakaa tena. Hawakuniita, na mimi sikuwa na haki ya kwenda.